Nyumba Haiungui

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Mtoto mwenye usonji ashindanishwe na wenzake, au aepushwe?" Nimelisoma kibandani kwangu, Mwanga, hapa Kigoma, huku nikisubiri gundi ya kioo cha simu ya mteja ikauke. Mimi ni fundi simu, mwenyeji wa Ujiji, nina miaka 33, na usonji (autism, hali ya ubongo kupokea mambo kivyake) ninao. Niliambiwa hivyo nikiwa na miaka 26, nilipokwenda Dar kwa shughuli nyingine kabisa. Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine mtaani, hayafai kuandikwa.

Jibu langu: ashindanishwe. Ila kwanza tazameni anashindana na nini.

Nilipokuwa darasa la tano tulikuwa wanafunzi 84. Siku ya kufunga shule wote tunapangwa mstarini, watatu wa kwanza wanaitwa mbele, wanapewa madaftari, shule nzima inapiga makofi. Nikaitwa wa kwanza. Makofi yale yaliniingia kichwani kama mabati yanayodondoka juu ya mabati mengine. Niliziba masikio, nikatimka hadi nyuma ya vyoo penye mwembe, nikakaa huko mpaka watu wakatawanyika. Madaftari yangu alipokea dada. Nyumbani wakasema naringa.

Muhula uliofuata nikapiga hesabu zangu. Wa nne hapigiwi makofi, wala hachapwi. Nikaacha wazi maswali mawili ya Hisabati ninayoyajua vizuri, nishuke hadi wa nne. Kumbe mtihani ulikuwa umewalemea wenzangu kuliko nilivyodhani. Nikawa wa pili. Nikakimbia tena.

Alama zenyewe, hata hivyo, nilizipenda mno. Nilikuwa naziandika ndani ya jalada la daftari, muhula hadi muhula, na zikipanda kwa alama mbili tu sikupata usingizi kwa furaha. Hayo nayo ni mashindano, ila hayakuwa na watazamaji. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne bila kutangaza wanafunzi na shule kumi bora, wateja wangu walibishana hapa kibandani hadi jioni, wengi wakisema watoto watabweteka. Mimi niliendelea kulehemu, sikuchangia; alama zangu hazikuwahi kuhitaji makofi.

Sasa niwaeleze habari ya bao, maana hapo ndipo nilipojielewa.

Bao nililijua mapema. Mashimo 32, komwe 64 ambazo ndizo kete, kila mchezaji anaanza na 22 mkononi na 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, lile shimo lake kuu. Hakuna kinachofichwa. Ukipanda kete unaona zinakoishia. Kwa mtu kama mimi ni raha tupu. Lakini bao la barazani, kama mnavyojua, nusu yake ni mdomo. Kuna tambo, kuna vijembe, kuna watazamaji wanaocheza kuliko wachezaji. Siku ya kwanza kucheza mbele ya watu nilikuwa na miaka 14. Mpinzani wangu, mtu mzima, akapaza sauti: "Kijana, nyumba yako inaungua!" Nikaziacha kete, nikatoka mbio kwenda kwa mama. Baraza zima likacheka hadi machozi. Lakini nifikirieni: nyumba ya bao huliwa, haiungui. Kama kasema inaungua, basi anasema nyumba ya kweli. Hadi leo naona hesabu yangu ilikuwa sawa.

Sikurudi pale kwa mwaka mzima. Aliyenirudisha ni mzee mmoja jirani, ambaye alinikuta nacheza peke yangu, upande huu na ule, akakaa upande wa pili bila kusema kitu. "Shikamoo babu." "Marahaba." Basi. Akanifunga mkononi, yaani hata kete za kupanda sijazimaliza. Nilipindua ubao, komwe zikatapakaa mpaka barabarani. Watu hudhani mtoto wa namna hiyo ana wivu au hana adabu. Mimi nilikuwa nimeshauona mchezo mzima kichwani hadi mwisho wake, na mwisho ule ulikuwa mwingine. Kilichoniuma ni kuona ulimwengu umekwenda kinyume na hesabu, kama ngazi uliyokanyaga kumbe haipo. Babu aliokota komwe moja moja, akahesabu hadi 64, akasema, "Panga."

Na hakuwahi kuniachia. Binamu yangu alikuwa akiniachia kwenye karata, kwa huruma, na nilikuwa namwona. Kuachiwa kunauma kuliko kufungwa.

Mwaka 2005 mtafiti wa usonji Dinah Murray na wenzake wawili waliandika kwamba akili ya mtu mwenye usonji huelekea kumimina nguvu zake zote kwenye jambo moja kwa wakati mmoja, wakati akili za wengine hugawanya mwanga huku na huku. Nami ndivyo ninavyojiona: tochi yenye mwali mwembamba. Nikimulika bao, namulika bao. Nikitakiwa nimulike pia uso wa mpinzani, kicheko cha watazamaji na maana iliyojificha kwenye kijembe, naishiwa betri.

Kuna Mmarekani, Max Park, mwenye usonji. Wazazi wake walimpa mchemraba wa Rubik, ule unaozungushwa hadi kila upande uwe na rangi moja, utotoni ili vidole vyake vipate mazoezi. Juni 2023 aliupanga kwa sekunde 3.13, rekodi ya dunia wakati ule. Watu husimuliana hizo sekunde. Mimi kinachonivutia ni kanuni: unapewa sekunde 15 za kuutazama, unaanza, saa inasema. Saa haina kijembe. (Tafadhali msimtarajie kila mtoto wenu kuwa Max Park. Nimeshaletewa watoto kibandani "wakufanyie hesabu kubwa kubwa", kama maonyesho.)

Wala hatufanani. Hapa mtaani kuna binti mwenye usonji ambaye lazima ndoo yake iwe ya kwanza bombani, la sivyo asubuhi yote inaharibika. Mama yake anadhani anapenda kushinda. Mimi nimemtazama: anayeshika nafasi ya pili ni nani, hajali kabisa. Anataka ndoo iwe pale ilipokuwa jana.

Kwa hiyo mtoto akiitwa kwenye mbio za magunia, aambiwe mapema zinaanzia wapi, zinaishia wapi, na akishindwa kinafuata nini. Na aruhusiwe kusema hataki, bila kupewa pipi ya kumbembeleza.

Babu bado yupo. Tunacheza kila Ijumaa baada ya swala, na matokeo naandika. Wiki iliyopita kanifunga tena. Sasa mimi 58, yeye 143.

Msomaji, Ujiji, Kigoma