Maswali ya Motoka: WRX, Altezza na Esanse (Petroli) ya Bidoni

Wandugu mafundi, nimepata Subaru Impreza WRX ya 2003, gia za mkono, kilomita 138,000. Imetoka Japani ikapitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa. Nataka kupandisha prasha ya turbo (hewa inayosukumwa ndani ya injini). Nitenge makuta ngapi? – Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi

Ndugu, prasha iache kwanza. Tenga theluthi ya bei uliyonunulia: kama ulilipa dola 6,000, weka 2,000 kando kabla ya kugusa urembo wowote.

Kazi ya kwanza ni mkanda wa taiming, unaopatanisha valvu na pistoni. Unapangiwa kilomita 100,000, na kama hakuna karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa, hesabu kwamba ni wa zamani. Ukikatika, valvu hugonga pistoni, na injini hii ina vichwa viwili, kwa hiyo hasara nayo ni mara mbili. Usinunue mkanda peke yake. Chukua na tenshena (inayokaza mkanda), puli zote na pampu ya maji. Kazi ya kufungua ni ileile, na puli moja ikikwama itaumaliza mkanda mpya.

Oili ni lita 4.5 hivi pamoja na filta. Badilisha kila kilomita 5,000, maana oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha na kupoza mhimili wa turbo. Chomoa kijiti cha oili kila unapojaza tangi. Injini za EJ20, kama hii yako, huweza kunywa oili bila moshi wa kukushtua, na ikipungua, beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) hutangulia kufa. Ukisikia mlio mzito, ko-ko-ko, unaofuata mzunguko wa injini, zima palepale na motoka ivutwe. Kuifikisha nyumbani "polepole tu" ndiko kunakoharibu kranki.

Matairi nayo yana hesabu yake. Motoka hii inavuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo huwezi kununua tairi moja mpya na kubakiza tatu zilizolika. Zungushia kila tairi futi ya fundi cherehani: mizingo ikipishana zaidi ya milimita 6, difrensho ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi mfululizo na kuchemka. Ukinunua za mitumba, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Sasa prasha. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 12 au 13. Ili kufikia prasha ya kiwandani, turbo yako tayari inazunguka haraka kuliko ingezunguka pwani. Halafu kuna esanse. WRX ya Japani imepangwa kwa esanse ya daraja la juu, ambayo kwao haishuki oktani 96 (oktani ni uwezo wa esanse kustahimili mbano bila kulipuka yenyewe). Ile ya kawaida huanzia 89. Ya bidoni kando ya barabara haina namba. Oktani ikiwa ndogo, mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi (buji, kwa wengi wetu) kuufikia, na kingo za pistoni zinazoshika ringi hupasuka. Fundi anayetaka kupandisha prasha bila kompyuta na bila kipimo cha hewa na mafuta kwenye ekzosi, mshukuru, uondoke.

Toyota Altezza RS200 yangu iliandikwa farasi 210. Mbona siwaoni? Niifungie turbo? – Msomaji wa Katuba

Farasi hao walipimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza kadiri hewa inavyopungua, kwa hiyo hapa unabaki na 185 hivi, kila kitu kikiwa kizima. Turbo hapana. Injini yako ya gia sita za mkono inabana hewa 11.5 kwa 1; kuongeza prasha juu ya mbano huo, kwa esanse yetu, ni kununua injini ya pili. Weka plagi mpya, filta ya hewa, mafuta ya breki DOT 4 (kila miaka miwili, kwa sababu hunyonya unyevu) na bushi za mbele. Filta ya koni usiihangaikie: inavuta hewa moto ya boneti, na kiangazi inameza vumbi jekundu.

Niishushe motoka yangu kwa springi fupi? – Msomaji wa Ruashi

Milimita 30, usizidishe, tena na shokabu zinazolingana nazo. Zaidi ya hapo, shimo la kwanza la Novemba litakutana na karta (bakuli la oili chini ya injini). Ukimaliza, pima alaimenti siku hiyohiyo, la sivyo tairi zitaliwa upande wa ndani usikoangalia.

Usiku njia ya Likasi kila dereva ananiwashia taa. Altezza yangu ina kosa gani? – Msomaji wa komini ya Kenya, Lubumbashi

Taa za Japani hurusha mwanga juu upande wa kushoto, kwa sababu huko wanaendesha kushoto. Kwetu upande huo ni wa anayekuja. Kuziinamisha tu kunakunyima barabara. Tafuta taa za Lexus IS 200 ya Ulaya, maana ndiyo Altezza hiyohiyo, lakini zisiwe za Uingereza. Nao wanaendesha kushoto. Kabla ya kulipa, ziwashe zikiwa mita 5 kutoka ukutani: mstari wa mwanga lazima uinuke upande wa kulia.