Mdogo wako kuhamishwa namba: jibu la mtu aliyecheza kama kiraka

Mkuu, umeuliza hivi: mdogo wako ana miaka 17, amekulia namba sita, yaani kiungo mkabaji, na kocha wake mpya wiki hii anampanga beki wa kushoto, wiki ijayo beki wa kati. Unahofia ukiraka, yaani kupangwa popote penye pengo, utamfungia njia ya kucheza nje. Wadau wawili wamekujibu "mwangalie Novatus" wakaishia hapo. Mimi nimecheza kiraka miaka saba, mingi ikiwa daraja la kwanza, na niliwahi kwenda majaribio nje nikarudi na begi langu. Ngoja nikujibu kwa urefu.

Mfano wa Novatus Dismas Miroshi, mchezaji wa Taifa Stars, ni mzuri, ila watu wanauchukua nusu. Kijana ametoka Azam pale Chamazi, akapelekwa kwa mkopo Biashara United ya Mara, kisha Israel, Zulte Waregem ya Ubelgiji, Shakhtar Donetsk kwa mkopo, na 2024 akatua Göztepe ya Izmir, Uturuki. Kote huko amechezeshwa kiungo mkabaji, beki wa kushoto, hata beki wa kati. Lakini angalia ile mechi ya Taifa Stars na Madagascar kwa Mkapa, Septemba 2021, tuliyoshinda 3-2. Alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 19 na akafunga bao. Niliitazama mechi hiyo. Kilichonishika ni namna alivyokuwa akipokea mpira: kabla haujafika ameshageuza shingo kulia na kushoto, kwa hiyo mguso wa kwanza tayari unamtoa kwenye presha. Hilo ni somo la namba sita. Alilibeba na kwenda nalo kila alikopangwa.

Halafu fikiria Shakhtar. Msimu wa 2023/24 klabu ile ilikuwa inaishi ndani ya vita. Wageni wengi walikuwa wameshaondoka, maana FIFA iliwaruhusu wachezaji wa kigeni kusimamisha mikataba yao Ukraine, na mechi za nyumbani za Ligi ya Mabingwa zilichezwa Hamburg, Ujerumani. Timu ya namna hiyo inamhitaji sana mtu mmoja anayeziba mapengo mawili au matatu. Ndivyo Mtanzania, baada ya Samatta akiwa na Genk ya Ubelgiji, alivyofika tena kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa, akicheza dhidi ya Porto. Ukiraka ulimsaidia kuingia mlangoni, nakubali kabisa. Ila alipogonga, waliofungua walimkuta ana fani yake.

Mimi sikuwa nayo, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri.

Nilianza namba sita kama mdogo wako. Siku moja beki wetu wa kulia aliumia asubuhi ya mechi, kocha akanitupia jezi: "Leo unaziba namba mbili." Sikuwa nimefanya hata zoezi moja la namba hiyo. Kiungo amezoea kuona adui kila upande. Beki wa pembeni ana chaki, ule mstari wa pembeni mwa uwanja, mgongoni, na chaki ile ni beki mwenzake akijua kuitumia. Mimi nilikuwa nakimbilia ndani kwa mazoea, winga wao anapita nje. Mabao mawili yaliingia kwa upande wangu. Wiki iliyofuata nikarudishwa kati, kisha namba tatu, beki wa kushoto, kisha namba nne, beki wa kati. Kila kocha aliyekuja alinisifu kwamba sina makuu, nami nikafurahi. Hakuna aliyekaa na mimi nusu saa baada ya mazoezi kunionyesha namna ya kusimama. Miaka saba nikawa naziba tu.

Wakala mmoja akanipeleka Oman, timu ya daraja la chini. Kwenye karatasi yangu alikuwa ameandika nafasi zote nilizowahi kucheza, akiamini ananipamba. Meneja wa timu alikuwa mzee anayeongea Kiswahili safi cha Unguja. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe hasa unacheza wapi?" Nikajibu, "Popote, mzee wangu." Nakumbuka alivyofunika kalamu yake na kuiweka juu ya daftari. Walikuwa na nafasi chache za wageni, wakamchukua mshambuliaji. Siwalaumu. Mgeni anagharimu tiketi, nyumba na mshahara, na hawakumleta mtu toka mbali aje kuwa popote.

Kwa hiyo mkuu, usigombane na kocha wa dogo kabla hujaenda mazoezini kumtazama. Akimpanga beki wa kushoto Jumamosi, je, Jumanne na Jumatano alimfundisha namba hiyo? Anamweleza lini apande na lini abaki, afungue vipi mwili kupokea kwa mguu wa mbali? Kama anafundisha, mwache, dogo anaongezewa elimu. Erasto Nyoni ameichezea Taifa Stars miaka mingi kwa njia hiyo hiyo, beki wa kulia, wa kati, kiungo, na kila alipowekwa ulimwona anajua kazi. Kama anachomekwa tu asubuhi ya mechi, hapo zungumza na kocha kwa heshima, umwombe angalau mechi mbili kati ya tatu acheze namba sita.

Mnunulie daftari pia. Aandike tarehe, mpinzani, namba aliyocheza na dakika. Video zake zikate kwa namba, za kiungo peke yake na za beki peke yake, kiungo zitangulie. Na mfundishe jibu lake mapema: "Mimi ni namba sita, na tatu naicheza vizuri." Ayaseme hivyo hivyo bila aibu, maana vijana wetu wanalelewa kuona kujitaja ni majivuno.

Jumamosi hii akicheza, nenda kakae upande wake. Hesabu ni mara ngapi anageuza shingo kabla mpira haujamfikia, kipindi cha kwanza tu kinatosha. Halafu rudi hapa uniandikie umepata ngapi na amepangwa namba gani.