Mikono Mikavu Kwanza: Pikipiki Kwenye Mvua na Baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Ukiiacha barabara kuu ya Zambia pale Chimala, ukapanda kona za Hamsini na Saba kwenda Matamba na kisha Kitulo, unatoka kwenye joto la Usangu, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kufika uwandani kwenye mita 2,600. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo kati ya chini na juu kuna tofauti ya nyuzi karibu 10, kabla hujahesabu upepo na mvua. Aliyevaa kwa ajili ya Chimala atafika juu anatetemeka. Ndivyo ilivyo pia Makambako kwenda Njombe, Uyole kwenda Tukuyu, na Mafinga kuingia kwenye mashamba ya chai. Mvua ni za Novemba hadi Aprili au Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua kubwa hakuna, lakini kuna ukungu na manyunyu, na Makete asubuhi nyingine umande unakutwa umeganda kwenye majani.

Huku watu hawasubiri jua ndipo waende kazini. Bodaboda, bwana shamba, mwalimu wa shule ya kijijini, mnunuzi wa viazi, wote wanatoka. Ushauri huu ni wa hao, wanaoendesha pikipiki za cc 125 na 150, na msingi wake ni mmoja: linda mikono kabla ya kitu kingine chochote. Breki ya mbele iko kwenye vidole vya kulia, klachi kwenye vidole vya kushoto, na mafuta unayaongeza na kuyapunguza kwa kiganja. Vidole vikifa ganzi hujui tena umebana breki kwa nguvu kiasi gani, na kwenye lami yenye maji kosa hilo ndilo linaloangusha watu. Hewa ya nyuzi 10, ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaihisi kama nyuzi 5. Mkono ukiwa umelowa inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu maji hunyonya joto la mwili mara nyingi kuliko hewa kavu.

Glavu za ngozi peke yake hazifai mvuani. Zinakunywa maji na hazikauki hadi kesho yake. Kinachofanya kazi, na ni rahisi, ni glavu za sufu za mtumba ndani, halafu glavu za mpira za kuoshea vyombo juu yake, saizi moja au mbili zaidi ya mkono wako. Zikibana, damu haipiti vizuri na vidole vitapoa hata vikiwa vikavu. Mkono wa koti la mvua upite juu ya glavu, usiingie ndani yake, kwa sababu ukishika usukani maji yanateremka kutoka begani kuelekea kiganjani. Bora kuliko yote ni ile mifuko mikubwa ya kufunga kwenye usukani, ambayo unaingiza mkono mzima ndani. Fundi wa kushona mahema au viti vya magari anaweza kukushonea kwa turubai na kuweka blanketi ndani. Kabla ya kuondoka, ukiwa umesimama, hakikisha mkono unatoka bila kunasa, na kwamba mfuko hausukumi mkono wa breki. Mfuko ukilowa na kulala juu ya mkono huo, breki itajibana kidogo safari nzima na utashangaa kwa nini gurudumu linachemka.

Mwilini, nguo ya kugusana na ngozi isiwe ya pamba. Pamba ikilowa, hata kwa jasho tu, inabaki imelowa. Jezi ya mpira wa miguu ni nzuri kuliko fulana. Juu yake sweta la sufu, halafu koti linalozuia upepo, halafu koti na suruali ya mvua. Gazeti kavu likikunjwa mara nne na kuwekwa kifuani chini ya koti linazuia upepo vizuri sana, na ukifika unalitupa. Shingo ifungwe skafu, maana ndiko maji ya helmeti yanakodondokea, na mvua inayoingia shingoni inafika kiunoni hata kama koti ni la bei mbaya.

Suruali nyingi za mvua huvuja sehemu moja: katikati ya mapaja, kwenye mshono. Maji yanakusanyika pale kitini na yanasukumwa na uzito wako mpaka yapenye. Ukinunua, geuza suruali uangalie mshono huo. Ulioyeyushwa na kubanwa kwa joto ni mzuri, ulioshonwa kwa uzi tu utavuja. Shusha pia pindo la koti lifunike mapaja, usilikalie. Miguuni gambuti zinatosha, na miguu ya suruali ipite nje ya gambuti. Kama una viatu vya kawaida, vaa soksi kavu, kisha mfuko wa nailoni, kisha kiatu. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini nailoni nene ya ndani ya gunia inapatikana na ni imara zaidi. Ikiwa ilikuwa na mbolea, ioshe kwanza.

Vaa yote haya kabla mvua haijaanza. Ukiona wingu limefunika mlima ulio mbele yako, simama palepale. Anayesubiri matone anavaa nguo za mvua juu ya nguo zilizolowa, na hapo amefungia maji ndani.

Kioo cha helmeti kinapata ukungu kwa sababu pumzi yako ni ya joto na kioo ni baridi. Paka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo upande wa ndani, sambaza kwa kitambaa laini, acha ikauke, kisha futa mpaka kioo kiwe safi. Hiyo inakupeleka siku nzima. Skafu iwe chini ya pua, isielekeze pumzi juu. Kukiwa na manyunyu acha kioo wazi upana wa kidole. Kioo cheusi usikitumie kabisa msimu huu, na chenye mikwaruzo kibadilishe, kwani taa za lori usiku zikipiga kwenye mikwaruzo yenye maji huoni chochote. Abiria naye avae koti. Asikunjue mwamvuli, kwa kuwa upepo wa lori linalopishana nanyi unaweza kuukamata ukawavuta wote wawili.

Sasa barabara. Dakika za mwanzo za mvua, hasa baada ya siku kadhaa za jua, ndizo mbaya kuliko zote. Vumbi, oili na dizeli iliyomwagika vinachanganyika na maji machache na kuwa utelezi. Mvua kubwa ikishanyesha nusu saa, lami inakuwa imeoshwa na inashika vizuri zaidi. Kwenye barabara kuu malori yamechimba mifereji miwili ya matairi, na maji hutuama humo. Pita kwenye tuta la katikati ya mifereji, lakini ukikaribia mizani, matuta ya kupunguza mwendo au vituo vya malori, hama, kwa sababu hapo katikati ndipo oili inapodondoka. Mistari myeupe ya pundamilia na vyuma vya madaraja vuka ukiwa wima, bila breki na bila kuongeza mafuta ghafla.

Kati yako na gari la mbele pawe na sekunde 4. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hizo ni mita 67 hivi. Breki za diski zikilowa zinachelewa kidogo kabla ya kushika. Za ngoma zikiingia maji, baada ya kuvuka dimbwi, zinaweza zisishike kabisa kwa muda. Dawa yake ni kugusa breki kwa wepesi huku ukiendelea kwenda, mita mia moja au mbili, mpaka uhisi zinashika. Bana polepole kisha ongeza, na punguza mwendo kwa gia kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado imenyooka.

Ukiacha lami, udongo mwekundu wa Njombe ni somo lingine. Unanata. Unajaa kati ya tairi la mbele na madgadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na pikipiki inalala bila onyo. Ndiyo maana wenyeji wanainua madgadi ya mbele au wanaifunga ile ya juu. Kama yako iko chini, simama kila unapohisi usukani mzito, utoe tope kwa kijiti. Upepo wa kawaida wa tairi, psi 25 mbele na 28 nyuma kwa mtu mmoja, unaweza kuushusha hadi 18 mbele na 20 au 22 nyuma ili tairi lishike. Usishuke zaidi ya hapo. Tairi lenye upepo kidogo linazunguka juu ya ringi na kuvuta tyubu, na mdomo wa tyubu unakatika. Ukirudi lami, jaza. Telemka na gia ya kwanza au ya pili bila kushika klachi, na breki ya mbele iguse kidogo tu.

Pikipiki ikizimika kwenye mvua, mara nyingi ni kofia ya plagi au waya wake wenye ufa. Umeme unarukia kwenye bodi badala ya kufika kwenye plagi. Washa injini usiku mahali penye giza, bila kugusa, na utaona cheche za bluu zikiruka kwenye ufa. Kausha, paka grisi ya silikoni kwenye mdomo wa kofia, na vuta kipande cha tyubu ya baiskeli kifunike kiungo. Waya wenye ufa badilisha. Sababu ya pili ni maji kwenye petroli: legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye kikombe kinachoonyesha ndani, na maji utayaona yamekaa chini ya petroli.

Ipo ya tatu inayosumbua mafundi. Kwenye ukungu wa nyuzi chache tu, petroli inapogeuka mvuke inapooza koo la kabureta mpaka unyevu wa hewa unaganda humo. Injini inakosa nguvu ukiwa umefungua mafuta kidogo kwenye usukani, inazima ukisimama, na baada ya dakika kumi inawaka kana kwamba haikuwa na kitu, kwa sababu joto la injini limeyeyusha barafu. Kabla hujabadilisha plagi nzima, subiri. Usichanganye hilo na uzito wa kawaida wa milimani: Kitulo hewa ni nyepesi kwa karibu robo, na injini ya kabureta inapoteza nguvu kiasi hichohicho. Shusha gia moja, usiilaumu mashine.

Ukizimikia ndani ya maji yaliyofika kwenye chujio la hewa, usipige kiki. Maji hayabaniki, na unaweza kupinda kitu ndani. Sukuma nje, fungua plagi, mwaga maji ya boksi la chujio, piga kiki mara kumi plagi ikiwa nje. Kisha angalia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage na uweke mpya kabla ya kuendelea.

Mwili nao usikilize. Kutetemeka ni onyo la kwanza. Vidole vikishindwa kufunga zipu, au ukijikuta unapita kona bila kuikumbuka, hiyo ni amri ya kusimama. Mtu aliyeacha kutetemeka bila kupata joto yuko hatarini zaidi, na asiendeshe tena siku hiyo. Vua vilivyolowa, vaa kikavu, kunywa chai ya moto yenye sukari na tangawizi, kula kitu. Ulanzi, pombe ya mianzi, wakati wa mvua uko kila kijiji, na kinywaji hicho kinakupa hisia ya joto kwa kupeleka damu kwenye ngozi, ambako inapoa haraka. Pombe yoyote inakupunguzia joto, acha mbali ile hatari ya kuendesha ukiwa umelewa.

Ukiwa mkavu, hata hivyo, msimu huu ndio mzuri kuliko yote kwa pikipiki, na ninausifu bila kusita. Vumbi hakuna. Changarawe iliyoloa kiasi inashika kuliko ile kavu inayoviringika. Misindano ya Sao Hill inanukia, chai ya Tukuyu inang'aa, na Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005 ambayo watu wanaiita Bustani ya Mungu, inachanua kati ya Desemba na Aprili, katikati ya mvua. Anayesubiri kiangazi haoni maua hayo. Aliye ndani ya basi anayaona kupitia kioo chenye mvuke, na wewe umesimama ukingoni mwa barabara, harufu yote ni yako.

Jioni, kazi haijaisha. Mvua imeosha oili kwenye cheni, hivyo ifute, paka oili nzito ya gia upande wa ndani huku ukizungusha gurudumu, na pima ulegevu wake katikati: milimita 20 hadi 30. Jaza gambuti magazeti na uyabadilishe kabla ya kulala. Glavu zitundike vidole vikiangalia juu, mbali na moto, maana mpira ukikaushwa jikoni unapasuka. Na weka jozi ya pili ya glavu kavu kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti, ibaki humo hadi Mei.