Barua kwa mwanangu: Vanila, Edmond na swali lako

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Machui. Sote hatujambo. Mvua za masika zimeanza, njia ya kwenda kanisani imeshageuka tope.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema: "Mama, kila nikikupigia simu unaniambia bustani imekufundisha hili na lile la Mungu. Lakini jirani yetu Mwislamu naye analima, na mchicha ukimea husema Alhamdulillahi. Wewe unaona nini asichokiona yeye? Au unapenda bustani tu, kisha unaibandika Injili juu yake?"

Kwa sehemu kubwa, mwanangu, naona kile kile anachokiona yeye. Akishukuru, mimi naitikia Amina. Bwana mwenyewe alisema Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, sasa mimi nani nianze kugawa mawingu? Na huko kubandika unakokusema kupo kweli. Wapo wahubiri ambao kwao kila mdudu ni shetani na kila gugu lina jina la dhambi yake. Konokono wakiumaliza mchicha usiku, mimi sioni mahubiri hapo. Namwaga majivu kuzunguka tuta, napanda tena.

Ila vanila haijaniacha hivi hivi.

Unaikumbuka ile iliyopanda kwenye mibono upande wa kisima. Ua lake hufunguka asubuhi, na jua likishakuwa kali limekwisha kazi yake. Kwao ni Mexico, na wadudu wanaolichavusha huko huku kwetu hawapo. Basi asipofika mtu, ua huanguka bila kuacha kitu. Ndani yake kuna utando mdogo unaotenga upande wa kiume na wa kike. Unauinua kwa kijiti chembamba, unabinya kwa kidole gumba, basi. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, halafu unangoja miezi minane au tisa mpaka ganda likomae.

Ujanja huo ulivumbuliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, huku huku kwenye bahari yetu ya Hindi, na mtoto wa miaka 12 aitwaye Edmond. Alikuwa mtumwa. Wenye mashamba walikuwa na miche ya vanila iliyochanua bure miaka na miaka, na mtoto huyu ndiye aliyewaonyesha njia. Watu wakatajirika. Yeye alipata uhuru mwaka 1848, pamoja na watumwa wengine wote wa kisiwa kile, akapewa jina la ukoo la Albius, akafa maskini mwaka 1880.

Sasa fikiri mimi ni nani na nimekaa wapi. Hapa Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na pale Mkunazini pakajengwa kanisa. Naamka alfajiri, nashika kijiti, na kidole changu kinafanya vile vile kilivyofanya kidole cha mtoto yule. Sikukibuni mimi kitendo hiki. Aliyekibuni hakulipwa. Mvua si yangu, ardhi niliikuta, na miezi tisa ile ganda linajaa lenyewe nikiwa nimelala. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu. Mstari huo niliujua tangu mafundisho ya komunyo. Vanila ndiyo iliyonifanya niulize, je, na aliyepanda kabla ya Paulo, ambaye hakuna aliyemwandika?

Hapo ndipo Ukristo wangu ulipo, kama bado unautafuta. Tukisali Nasadiki ya Mitume, ile sala ya kukiri imani, tunasema "ushirika wa Watakatifu", na zamani nilidhani ni habari ya wale wa kwenye sanamu na madirisha ya rangi. Sasa kila tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, jina la Edmond limo kwenye karatasi yangu ya nia za misa, katikati ya bibi yako na shangazi zako. Mara ya kwanza padre aliniuliza huyu ni ndugu wa upande gani. Nikamwambia wa upande wa shamba. Alicheka, akalisoma.

La pili ni fupi. Mlimau wa nyuma ya jiko haujazaa, na kaka yako anataka kuukata apate nafasi ya banda la kuku. Nikamsomea Luka 13, yule mtunza shamba anayemwomba bwana wake auache mtini mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutilia samadi. Umewahi kugundua kwamba Yesu hakusema kama ulizaa? Anaishia pale pale kwenye maombi. Mimi hunitosha kujua kwamba yupo anayesimama kati ya shoka na shina akaomba muda, tena akainama kuchimba mwenyewe. Kaka yako haikumtosha. Amekubali kungoja hadi vuli, na samadi ya mbuzi ameniachia niibebe mimi.

Umeuliza pia kama nawe upande kitu huko Dar, kwenye roshani ya ghorofa ya tatu. Panda mchaichai. Tafuta ndoo kuukuu, itoboe chini maji yasituame, uiweke panapopata jua la asubuhi. Ila usiupande ili upate somo, panda upate chai. Nitakung'olea mashina mawili, niyafunge kwenye gunia bichi, na mtoto wa mama mkubwa wako anavuka kwa boti Jumamosi. Mfuate bandarini mapema, maana huyo hajui kungoja, na gunia lenyewe nalitaka lirudi.

Mama yako