Dogo usislimu kimyakimya, kwanza jua nani atakuzika

Dogo acha kwanza. Hiyo Ijumaa ahirisha, sema unaumwa, sema umepata safari ya Geita, sema chochote, ila usiende kutamka shahada mama yako hajui.

Nimerudia kusoma ulichoandika, tumbo likaanza kuniuma. Umempata binti wa Kiislamu pale Mabatini, hapa hapa Mwanza, kwao wamesema bila kuslimu hakuna nikahi, wewe Mkatoliki wa kuzaliwa, mpango wako uslimu kimya halafu Jumapili uendelee na misa Buhongwa kama kawaida, na bibi yako wa Magu akikuita kwenye tambiko uende pia. Ndo unatuuliza kwanini dini ziko nyingi wakati Mungu ni mmoja, na kama mtu anaweza kufuata mbili tatu kwa pamoja, na watoto mtawapa ipi. Wenzangu hapo juu wamekujibu kistaarabu, mmoja kakupa mpaka habari za Wajapani. Mimi leo ustaarabu sina, maana hilo igizo lako mimi nimelicheza mpaka pazia likaniangukia.

Kwetu ni Bukumbi, karibu na Mwanza, wale mapadre wamisionari White Fathers walifika pale 1883, yani ukoo wetu ukatoliki tumeukuta babu wa babu. Wakwe zangu ni watu wa Ujiji waliolowea Kirumba. Mimi nilikuwa nauza dagaa mwaloni, soko la samaki ziwani, na mke wangu (bado hajawa mke) alikuwa anauza jirani yangu, mengine unayajua. Tukatafuta mshenga, mzee mmoja anaheshimika, ndevu nyeupe, sauti ya upole. Huyo mzee ndo aliyenimaliza. Nikamwambia mzee wangu mimi kwaya siwezi kuiacha na mayu (mama yangu) atakufa akisikia, akacheka, akasema kijana dini siku hizi ni kama laini za simu, unaweka mbili, huyu akipiga unapokea na yule akipiga unapokea, Mungu si ndo huyo huyo, hiyo shahada tamka tu mambo yaishe, nani atakwenda kukusemea huko Bukumbi. Na nauli akachukua. Na soda akanywa. Mpaka leo nikiikumbuka ile soda damu inachemka, maana yeye alijua fika kwamba shahada bila nia ni maneno matupu, angeniambia, kazi ya mshenga si kukamilisha hesabu ya mahari peke yake!

Basi nikawa na majina mawili. Kirumba naitwa jina moja, Bukumbi lingine. Ijumaa kofia, Jumapili sauti ya tatu kwenye kwaya. Mwezi wa Ramadhani nafunga, Kwaresma nafunga, nilikonda wakwe wakadhani binti yao hanipikii. Na kusema kweli ilikwenda vizuri tu, hapo ndo mtego ulipo dogo, inakwenda vizuri sana mpaka siku ambayo wewe huwezi kuongea.

Siku hiyo kwangu ilikuja kwa malaria, ikapanda kichwani, nikalazwa. Macho yamefumba, mdomo haufunguki, ila masikio yanafanya kazi yote. Wauguzi wakawaambia ndugu hali si nzuri. Shemeji yangu mkubwa akaja na msahafu akakaa upande wa kulia akaanza kunisomea Yasini, kila baada ya muda ananiinamia sikioni nitamke shahada. Hajakaa sana, kaka yangu kaingia na padre, mafuta mkononi, kaja kunipa mpako wa wagonjwa. Wakakutana juu ya kitanda changu. Padre mtu wa watu, akauliza kwa upole huyu ni wa kwenu nyie? Shemeji akasema ndiyo baba, Muislamu mwenzetu. Mayu akasema we kijana una wazimu, huyu nimembatiza mwenyewe, anaimba kwaya. Shemeji akatoa picha ya cheti cha ndoa kwenye simu.

Mayu hakujua kama nina mke wa nikahi. Alikuwa anamfahamu yule binti kama "mwenzangu wa biashara".

Kilichofuata nilikisikia chote, sijafa, nagombaniwa. Upande mmoja unasema ikitokea azikwe leo leo kabla ya jua kuzama, sanda ipo, makaburi ya Kirumba. Upande mwingine unasema anarudi Bukumbi kwenye makaburi ya baba zake, kwaya imeshaanza kuchangisha. Mjomba kutoka Magu naye hakutaka kupitwa, akasema haya yote yametokea kwa sababu masamva, yani mizimu ya ukoo, hayajapewa chakula. Sauti zikapanda mpaka mlinzi akaja. Nilitamani nife kweli nipumzike kelele hahaha. Kuna mama mmoja wa jumuiya mpaka leo ananidai elfu mbili yake ya rambirambi kwa sababu nilipona.

Nacheka saa hizi, ila hesabu yake sikiliza. Mayu aliondoka wodini bila kuniaga na alikaa muda mrefu sana hataki hata salamu yangu, hasira yake haikuwa uislamu, hasira yake ni kwamba nilimuweka meza moja na mkwe wake akamkaribisha kama mpita njia. Baba mkwe akaenda kuuliza kwa shehe, akaambiwa kama huyu mtu anaimba kanisani na kukomunika basi uislamu wake hauna maana na ndoa yenyewe ina mashaka, mke wangu akarudishwa kwao na mtoto. Mtaji wetu wa mwaloni ulikuwa wa pamoja na mashemeji, wakautoa. Paroko naye sina cha kumlaumu, kwake nilikuwa nakomunika huku nimeikana imani mbele ya mashahidi. Kila upande una haki ya kunikasirikia na wote walitumia hiyo haki kikamilifu. Mke tulikuja kurudiana baada ya vikao, nikachagua upande mmoja hadharani mbele ya pande zote. Upande gani siwaambii, uzi utageuka wa mahubiri sasa hivi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu na nimeilipia: DINI AMBAYO HUWEZI KUITAJA MBELE YA WATU WATAKAOKUZIKA USIICHUKUE. Moja, mbili, saba, juu yako, ila wajue.

Na usidhani ni suala la kaburi tu. Hapa kwetu mirathi inafuata dini au mila ya marehemu, pande mbili zikibishana mahakama inaangalia ulikuwa unaishi vipi. Wewe mwenye kofia Ijumaa na rozari Jumapili hakimu aangalie maisha yako yapi? Wakisema uliishi Kiislamu, mke mwenye watoto fungu lake ni moja ya nane, na mama yako ambaye si Muislamu kwenye mafungu hayumo, labda umuachie kwa wasia usiozidi theluthi. Ulilijua hilo? Mshenga wako kakwambia? Hawezi kukwambia.

Njia za wazi zipo tena nyingi. Katiba ibara ya 19 inakuruhusu kubadili dini, kwa hiyo kama umeamini kweli slimu mchana kweupe na uitishe kikao kwenu. Kanisani askofu anaweza kutoa ruhusa Mkatoliki aoe asiyebatizwa, utaahidi kubaki kwenye imani na kujitahidi watoto wabatizwe, ila upande wa binti hawatakubali kirahisi, kwao mwanaume Muislamu anaruhusiwa kuoa mwanamke wa Kikristo, kinyume chake hapana, usitegemee upole wako utaibadilisha hiyo. Na kuna bomani, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawaruhusu muoane kila mtu na dini yake, mnatoa taarifa siku 21 kabla. Wakwe hawataiita nikahi na wanaweza kununa miaka. Sawa, wanune, lakini hujamdanganya mtu.

Huyo wa Wajapani hapo juu hajakosea, kule mtu anapeleka mtoto hekalu la Shinto na akifa anazikwa Kibudha na hakuna anayemshangaa. Ni kwa sababu hizo dini hazimuapishi aachane na nyingine. Hata masamva ya bibi yako hayajawahi kumkatalia Msukuma kwenda misa, nenda Bujora uone kanisa lilivyojengwa kama nyumba ya mtemi na ngoma za Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya wachezaji wa Kisukuma, zinachezwa kwenye Bulabo, sikukuu iliyotokana na Ekaristi. Ila kanisa na msikiti kila mmoja anataka akae peke yake moyoni, kwa hiyo swali lako la naweza kufuata ngapi si wewe unayelijibu, anajibu mwenye wivu kuliko wote.

Na hili ziwa letu la Victoria lina mifano ya zamani. Kabaka (mfalme) Mutesa huko Buganda alifunga Ramadhani miaka kibao na tohara akakataa, wakaja Waprotestanti 1877 na Wakatoliki 1879, akawasikiliza wote wanabishana mbele yake, akafa 1884 hajabatizwa, akazikwa kwenye kasri lake mwenyewe Kasubi. Yeye alikuwa na jeshi, nani angemuuliza. Mwanae Mwanga alipopinduliwa 1888 akavuka maji mpaka kwa Waarabu Magu, kisha akajihifadhi kwa mapadre kwetu Bukumbi, na mwisho wa siku kabatizwa Mwanglikana uhamishoni Shelisheli. Ukitaka kujua kwanini dini ziko nyingi anzia hapo, kila jahazi lililotia nanga lilikuja na kitabu chake na watu wakachukua kilichofika kwao kwanza, mimi ningezaliwa Ujiji ningekuwa Muislamu tangu utotoni na haya yote yasingenipata.

Sasa Jumamosi panda gari nenda kwa mama yako. Usimpigie simu. Mpelekee sato mkubwa, mwache ale kwanza, baba yako awepo, ndo umwambie jina la binti na dini ya binti na kwao wametaka nini. Atalia, mwache alie. Bibi wa Magu mwambie baada ya hapo, huyo hatakusumbua. Ukirudi njoo uandike hapa amesemaje, na utuambie mshenga wako ni nani, maana kama ni yule yule mzee wangu mimi bado namdai nauli.