Plagi haitoi moto? Usinunue magineti kabla ya kuchomoa waya mmoja

Mkuu, pole sana. Nimekuelewa hivi: pikipiki ya Kichina, cc 150, uliiosha Jumamosi kwa mashine ya presha, ikakufikisha nyumbani, asubuhi ikagoma. Taa zinawaka, honi inalia, stata inazungusha injini kama kawaida, ila plagi haitoi moto. Fundi kabadilisha plagi, koili (inayopandisha umeme wa plagi) na sidiai (CDI, kile kiboksi kinachoamrisha koili itoe moto), bado, na leo anasema tatizo ni magineti (sumaku na koili zinazozalisha umeme ndani ya injini). Nakuomba usinunue kwanza. Gharama hiyo nimeshailipa mimi.

Mwaka 2018 nilikuwa boda Muheza, pikipiki ya tajiri, hesabu kila jioni. Ilikuwa masika. Nikirudi na abiria kutoka Amani ikazima kwenye kona, ikawaka, ikazima tena, na kufika mjini ikakataa kabisa. Fundi wa kwanza akaweka sidiai mpya, ikawaka kiki ya kwanza. Nikalipa, na stendi sikufika. Fundi wa pili akaweka koili, ikawaka tena, jioni ikazima na abiria mgongoni. Siku nne zikapita bila hesabu. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini kila spea ilionekana imeponya: kila aliyefungua alizivuta nyaya ili apate nafasi ya mikono, na nyaya zikihama kidogo tu, moto ulirudi. Spea ilipewa sifa isiyokuwa yake.

Usiku wa nne nikakaa nayo uani, taa ya nje nimezima makusudi. Nikachomoa plagi, nikairudisha kwenye kofia yake na kuilaza juu ya mapezi ya injini, chuma kwa chuma, mbali na tundu la silinda kwa sababu pale panatoka mvuke wa petroli. Mdogo wangu akapiga kiki. Cheche ya buluu, tak, tak. Nikamwambia aendelee, mimi nikageuza usukani kushoto. Giza. Katikati, tak. Kushoto, giza. Tulirudia mpaka mguu ukamuuma. Sidiai haijui usukani umeelekea wapi, wala koili haijui. Nikafungua taa ya mbele, nikalifuata fungu la nyaya hadi linapopita shingoni mwa fremu. Waya mweusi wenye mstari mweupe ulikuwa umechubuka sehemu ndogo kama punje ya mchele, shaba inang'aa, na kwenye fremu rangi imekwanguka palepale. Ukikata kushoto, shaba inagusa fremu.

Huo ndio waya ninaotaka uuangalie kabla ya kingine chochote, na ni vizuri ujue kazi yake. Pikipiki nyingi za Kichina zenye injini ya mtindo wa CG hazitegemei betri kutoa moto wa plagi. Ndani ya magineti kuna koili inayoilisha sidiai moja kwa moja injini ikizunguka, ndiyo maana boda wengi wanatembea na betri iliyokufa na wanawasha kwa kiki kila siku. Sasa, kama betri haihusiki, ufunguo unaizimaje injini? Unaizima kwa kuunganisha, wala haukati kitu. Ukiweka ufunguo ofu, swichi inaupeleka ule mweusi-mweupe kwenye ethi, yaani chuma cha fremu, umeme wa sidiai unamwagika kwenye fremu na plagi inakosa moto. Ukiweka oni, swichi inauachia. Kwa hiyo chochote kinachougusisha waya huo na chuma, iwe ni mchubuko, maji ndani ya swichi ya ufunguo au swichi ya kuzimia ya kwenye usukani iliyoota kutu, ni sawasawa na mtu kukuzimia pikipiki huku unapiga kiki. Wewe uliipiga maji ya presha. Unaona ninakoelekea.

Fanya hivi. Ifuate sidiai, mara nyingi iko chini ya siti au chini ya tangi, na uangalie soketi zake. Rangi kwa kawaida zinafuata mtindo wa Honda: kijani ni ethi, mweusi-mwekundu unatoka magineti kulisha sidiai, bluu-njano unatoka pulsa (kikoili kinachoiambia sidiai muda wa kutoa moto), mweusi-njano unakwenda koili, na mweusi-mweupe ndio wa kuzimia. Zipo zilizochanganywa, hasa kama pikipiki imewahi kufungwa nyaya upya, kwa hiyo usiamini rangi peke yake, fuata waya mpaka mwisho wake. Uchomoe huo wa kuzimia peke yake, sidiai ibaki na nyaya nyingine zote, kisha ilaze plagi kama nilivyoeleza na upige kiki. Usiishike plagi wala kofia kwa mkono, na usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia bila kugusa chuma, maana sidiai mpya inaweza kufa hapohapo.

Moto ukija, magineti yako ni mazima, na koili na sidiai za zamani huenda nazo zilikuwa nzima. Mdai fundi akurudishie. Tatizo lako litakuwa kati ya soketi hiyo na swichi. Ukiiwasha ikiwa hivyo, ufunguo hautaizima: weka gia, shika breki, achia klachi taratibu. Na usiiache hivyo ukalala, kwa sababu mwizi hatahitaji ufunguo.

Kutafuta penyewe kunataka ile mita ndogo inayouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya umeme. Iweke kwenye mlio. Ncha moja kwenye mweusi-mweupe unaoelekea kwenye ufunguo, nyingine kwenye chuma safi cha fremu. Ufunguo ukiwa ofu italia, hiyo ni sawa. Ufunguo ukiwa oni lazima inyamaze. Ikiendelea kulia, chomoa soketi ya swichi ya ufunguo. Ikinyamaza, maji yamo ndani ya swichi: ifungue, ikaushe kwa upepo, isubiri juani. Ikiendelea kulia, chomoa ya swichi ya usukani. Ikiwa bado inalia, waya umechubuka njiani, na hapo anza kwenye shingo ya fremu, kisha chini ya tangi, kisha pale fungu linapobanwa na siti. Na yote hayo uyafanye ukigeuza usukani huku na huku. Pikipiki ikiwa imetulia kwenye stendi, mchubuko unaweza kujificha wiki nzima.

Usipopata moto hata waya huo ukiwa nje, kabla ya magineti kuna kofia ya plagi. Inafunguka kwa kuizungusha, imekaa kwenye waya kama skrubu. Ukiikuta na maji au kutu ya kijani, kata waya kama nusu sentimita upate shaba safi, na ujaribu moto moja kwa moja kutoka kwenye ncha ya waya, umeiegemeza milimita chache kutoka kwenye chuma, kwa kishikizo cha plastiki. Nimeshaona kofia imeua moto na koili mbili mpya zikatupwa kwa kosa lake. Kaza pia ethi: waya wa kijani ulipofungwa kwa bolti kwenye fremu, fungua, kwangua rangi na kutu, funga tena.

Baada ya hapo ndipo magineti yapimwe, na hayapimwi kwa macho. Chomoa soketi inayotoka kwenye injini, weka mita kwenye omu. Pulsa, kati ya bluu-njano na kijani, mimi nimekuwa nikipata kati ya omu 100 na 250 kwenye injini hizi. Ile inayolisha sidiai, kati ya mweusi-mwekundu na kijani, hutofautiana zaidi, ila nyingi nilizopima zilisoma mia kadhaa. Mita isiposoma kabisa, waya umekatika ndani. Ikisoma karibu na sifuri, imeungua. Hapo fundi wako atakuwa na haki, na utanunua ukijua unanunua nini.

Jambo moja la kuhakikisha: hii ni kama yako ni ya aina isiyotegemea betri. Kumbuka, ilishawahi kuwaka kwa kiki betri ikiwa imekufa? Kama ndiyo, endelea na nilichoandika. Kama sivyo, sidiai yako inalishwa na betri, basi pima kama voliti 12 zinafika kwenye soketi yake ufunguo ukiwa oni. Betri nzima ikipumzika husoma 12.6 na zaidi. Ila iangalie huku unabonyeza stata: ikishuka chini ya 10, sidiai inaweza kukosa nguvu wakati taa bado zinakudanganya kwa kuwaka. Fyuzi nayo itoe uipime kwa mlio, maana kuna inayoonekana nzima kwa macho kumbe imepasuka kwenye ncha.

Waya wangu niliufunga tepu, nikauvalisha mpira wa tyubu ya baiskeli, nikauhamisha mbali na shingo. Ilichukua robo saa. Pikipiki ile niliiendesha mpaka nilipomrudishia tajiri, haikuzima tena kwa tatizo hilo.

Anza na huo mweusi-mweupe leo jioni giza likiingia, cheche zinaonekana vizuri. Kisha uniambie zinakuwaje usukani ukiwa kulia, na zinakuwaje ukiwa kushoto.