Maswali ya Wasomaji: Homa, Mafua na Kikohozi Ukiwa Nyumbani

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne, kilo 10. Tangu juzi ana homa, kamasi na kikohozi. Nampa parasetamoli ya maji, homa inashuka halafu inarudi. Duka la dawa wameniuzia amoksilini. Nimwanzishie? Na nitajuaje kama imeshakuwa nimonia? — Mama, Tanga

Homa kurudi haina maana dawa imeshindwa. Parasetamoli haigusi kirusi. Inashusha joto kwa saa nne hadi sita, kisha mwili unaendelea na vita yake. Hakikisha dozi ni sahihi tu. Soma chupa: nyingi za watoto zina miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto hupewa miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo wako wa kilo 10 anahitaji 150, yaani kama mililita 6. Mpe kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku nzima. Pima kwa bomba la sindano lisilo na ncha au kikombe kilichokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani. Kimoja huchukua mililita 3, kingine 7.

Kabla ya hayo yote, mtoto amepimwa malaria? Ukiwa Tanga huwezi kuambiwa "ni mafua tu" kwa sababu pua inatiririka. Mtoto anaweza kuwa na kamasi na malaria kwa pamoja. Kipimo cha haraka cha damu ya kidole hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Nenda leo.

Amoksilini iweke pembeni. Inaua bakteria, haiui virusi, na mafua ni ya virusi. Ikiwa ni nimonia kweli, atapewa kituoni kwa uzito wake na kwa siku maalumu, siyo nusu chupa ya kubahatisha.

Nimonia unaanza kuishuku kwa kuhesabu pumzi. Mvue nguo ya juu, mlaze au mpakate akiwa ametulia. Akilia au akinyonya hesabu itakuwa ya uongo. Weka saa ya simu, kodolea macho tumbo, na kila likipanda hesabu moja. Hesabu dakika nzima. Watu wengi huhesabu sekunde 15 kisha wanazidisha kwa nne, na hapo ndipo wanapokosea, maana mtoto hupumua haraka kidogo, anapumzika, anaharakisha tena. Ukipata nyingi, rudia. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa miezi 2 hadi 11 kikomo ni 50, na kichanga chini ya miezi miwili ni 60. Homa yenyewe huongeza pumzi, kwa hiyo ukiweza hesabu tena joto likishuka, lakini usikae kusubiri lishuke kama mtoto anahangaika.

Kisha tazama chini ya mbavu. Akivuta hewa, sehemu ya chini ya kifua ikibonyea kuingia ndani badala ya kutoka nje, mpeleke hospitali. Vivyo hivyo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachomeza, akipata degedege, akilala usingizi usioamshika, au akitoa sauti ya kukoroma kila avutapo pumzi hali ametulia. Dalili hizi hazingoji asubuhi. Na kichanga cha chini ya miezi miwili mwenye homa, hata bila dalili nyingine, si wa kutibiwa nyumbani.

Pua iliyoziba humnyima kunyonya. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, koroga, acha yapoe. Tia matone mawili matatu kila tundu kabla ya kumnyonyesha, subiri kidogo, futa kamasi. Mengine yaliyobaki yamwage baada ya siku moja. Mnyonyeshe mara nyingi, kidogo kidogo. Asali usimpe mtoto asiyefikisha mwaka; wako amevuka, nusu kijiko cha chai kabla ya kulala kinaweza kutuliza kikohozi.

Baba yetu, miaka 67, ana mafua makali yenye kifua kizito. Tunamfukiza kwa mwarobaini, mchaichai na majani ya mkaratusi asubuhi na jioni, blanketi juu. Kuna ubaya? — Wanawe, Dar es Salaam

Nyungu tunaijua, na wengi mnakumbuka mwaka 2020 ilivyofukizwa nchi nzima. Mvuke hulegeza kamasi na mgonjwa anajisikia nafuu kwa muda. Kuua kirusi hauwezi, kwa sababu kirusi kimejificha ndani ya chembe hai za pua na mapafu. Joto la kukifikia humo lingemuunguza baba kwanza.

Hatari iko kwenye sufuria. Ikipinduka katikati ya miguu, maji yanamwagika mapajani na blanketi linayashikilia kwenye ngozi. Mzee aliyekwisha kutoka jasho la homa huzidi kupungukiwa maji, anasimama ghafla, kizunguzungu kinamwangusha. Na kama chini ya sufuria kuna jiko la mkaa linalowaka, ndani ya blanketi kunajaa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hilo acheni kabisa. Akitaka mvuke, aoge maji ya moto ya ndoo bafuni mlango umefungwa. Mchaichai mpeni anywe.

Mzee wa umri huo msimwangalie kwa macho tu. Kama mna kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, akae ametulia dakika tano, mikono iwe na joto, kidole kisiwe na hina nyeusi wala rangi ya kucha, na msisome mpaka namba itulie. Kwa mtu asiye na ugonjwa wa mapafu, 95 na zaidi ni sawa. Kati ya 90 na 94, hospitali siku hiyohiyo. Chini ya 90 ni dharura. Lakini vipimo hivi mara nyingine husoma juu kidogo kuliko ukweli kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Kama namba inasema 95 na baba hawezi kumaliza sentensi bila kutweta, aminini pumzi yake, siyo kifaa. Kuchanganyikiwa ghafla au midomo kugeuka rangi nako kunatosha kumkimbiza.

Dawa zake za presha au sukari aendelee nazo. Kama amekataa chakula na anameza vidonge vya sukari, ulizeni kituoni kabla ya kumpa dozi, maana sukari inaweza kushuka mno.

Nameza vidonge vya mafua vya mchanganyiko, na parasetamoli, na diklofenaki kwa sababu mwili wote unauma. Bado najisikia hovyo. Niongeze nini? — Msomaji, Temeke

Punguza, kaka. Vidonge vingi vya mafua vya mchanganyiko tayari vina parasetamoli ndani. Geuza pakiti usome maandishi madogo. Mtu mzima hatakiwi kuzidi miligramu 4,000 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya 500, na hapo unajumlisha zote. Ini halikuonyeshi maumivu siku hiyo. Linakuja kukudai baada ya siku kadhaa.

Diklofenaki iache. Dar es Salaam imewahi kuwa na milipuko ya dengi, mwaka 2014 na tena 2019, na dengi huanza hivihivi: homa, kichwa, mwili kuvunjika. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza uwezekano wa kutoka damu. Mpaka upimwe, tumia parasetamoli peke yake. (Aspirini wala usimpe mtoto wa chini ya miaka 16 mwenye homa ya virusi.)

Tunalala watano chumba kimoja. Nitawakingaje wenzangu? — Dada, Morogoro

Fungua madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango, hewa ipite. Lala karibu na dirisha ambalo hewa ya chumbani inatokea kwenda nje, kichwa chako upande wa miguu ya wenzako. Vaa barakoa ukihudumia mtoto au mzee, nawa mikono kwa sabuni. Vyombo vyako vikioshwa kwa sabuni vinatosha, hakuna haja ya kuvitenga. Rudi kazini homa ikiwa imekwisha saa 24 bila kumeza dawa na unajisikia nafuu. Siku tano zinazofuata endelea na barakoa penye watu.

Mafua yaliisha, kikohozi kimebaki wiki ya tatu. Makohozi yalikuwa ya kijani. Ninywe antibiotiki? — Msomaji, Iringa

Rangi ya kijani hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana. Peke yake haithibitishi bakteria. Kikohozi cha baada ya mafua huweza kuvuta wiki tatu. Hata hivyo, Tanzania kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapimwa kifua kikuu, na kwenye vituo vya serikali kipimo na matibabu ni bure. Nenda ukatoe makohozi, hasa kama unatoka jasho usiku au umepungua. Anayeishi na VVU asingoje wiki mbili.

Jambo moja zaidi la kumwambia daktari: kama unatumia kaptoprili, enalaprili au lisinoprili ya presha, dawa hizo zenyewe huwasababishia watu wengine kikohozi kikavu kisichoisha. Usiiache kwa uamuzi wako, omba ubadilishiwe.